Deraya ya Kutengeneza Nyumbani na Kuvaa Peke Yako: Ifunguke Wapi?

Kwaresima ikielekea ukingoni, vijana wa parokia nyingi huanza kuhangaika na mavazi ya askari wa Kirumi ya Njia ya Msalaba. Wengine wana tamthilia ya shule. Wengine wanajiandaa kwenda NAICCON, maonyesho ya katuni na mavazi ya wahusika jijini Nairobi, wakiwa wamevaa kama mhusika wa katuni au wa mchezo wa video. Maswali yao hufanana: sponji ya unene gani, rangi gani ya kupuliza, ing'ae vipi. Swali la nani atakufunga mikanda huja siku yenyewe, alfajiri, askari wanane wamejazana sakristia na msaidizi ni mmoja, naye ameitwa nje kutafuta kamba za msalaba.

Kwa maoni yangu, uamuzi mkubwa katika deraya yoyote, yaani vazi la kukinga mwili vitani, ni mahali inapofungukia. Ukishapaamua hapo, rangi na mapambo vitafuata. Usipopaamua, utajikuta na kitu kizuri kinachohitaji watu wawili kukivaa. Hapa chini nalinganisha mitindo minne: ya kuingizia kichwani, ya kufunguka ubavuni, ya kufunguka mbele, na kizibao chenye mabamba.

Tuelewane jambo moja kwanza. Hizi ni deraya za jukwaani. Sponji haizuii kisu wala risasi, na yeyote anayekuambia kuna ya kutengeneza sebuleni inayozuia, usimwekee mwili wako rehani.

## Vigezo

Kuvaa na kuvua. Fanya jaribio dogo ukiwa umesimama. Peleka mkono wa kulia ubavuni kushoto, chini kidogo ya kwapa. Unafika, na ukigeuza shingo unaona. Sasa peleka mkono huohuo ubavuni kwake, kulia. Vidole vinafika lakini kiwiko kimekunjika na nguvu hakuna. Mgongoni katikati unagusa tu. Kisha kumbuka kwamba utafanya haya ukiwa na bamba gumu kifuani linalokuzuia hata kuona kitovu chako. Mahali ambapo mikono miwili inafika na macho yanaona ni kifuani peke yake, na mitindo yote minne inapimwa hapo. Kuvua nako kuna uzito wake, maana joto, choo na kizunguzungu havimsubiri msaidizi.

Kutengeneza. Ugumu wa kazi, na kama utahitaji fundi viatu au fundi cherehani.

Mwonekano. Inavyoonekana kutoka umbali ambao watu watakuwa kweli. Waumini wakiwa barabarani ni hatua kumi. Kwenye maonyesho, mtu anakuja kupiga selfi begani kwako.

Siku nzima mwilini. Kukaa, kuinama, jasho, na namna ya kuifikisha hiyo deraya kwenye tukio ukitumia daladala, matatu au bodaboda.

Vifaa havitofautiani sana. Sponji ngumu ya EVA, ileile ya mikeka ya watoto inayounganishwa kama fumbo, huuzwa kwa vipande vya sentimita 60 kwa 60, unene wa milimita 10 hivi. Hiyo inatosha kifua. Kwa mikono na miguu tafuta ya milimita 5. Ikipashwa hewa ya moto inalegea, unaikunja juu ya goti au sufuria, nayo ikipoa inabaki na umbo hilo. Moto huo pia hufunga vitundu vya juu ili rangi isinywewe. Gundi ni ya viatu: paka pande zote mbili, subiri dakika kumi hivi mpaka isigande kidoleni, ndipo ukutanishe. Kazi hii ifanyie nje au dirisha likiwa wazi, maana mvuke wa gundi na wa sponji iliyochomwa si wa kuchezea. Kabla ya rangi, paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, tabaka kadhaa.

## 1. Ya kuingizia kichwani

Bamba la mbele na la nyuma yameunganishwa mabegani moja kwa moja. Unapitisha kichwa katikati kama unavyovaa kanzu, kisha unabana ubavuni.

Kuvaa na kuvua. Hii ina ukongwe wake. Fulana ya pete za chuma, ambayo wanahistoria huiita lorica hamata, ilivaliwa hivi hivi, na ilikuwa na uzito wa kilo kumi au zaidi. Mkanda wa kiunoni haukuwa pambo tu: uliposhika fulana vizuri, sehemu ya uzito ilihama kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga. Kuivua kuna mbinu ambayo hadi leo wanaovaa fulana hizo huitumia. Unainama kabisa, mikono ikining'inia kuelekea sakafuni, unatikisa mabega, na fulana inateremka yenyewe kupitia kichwani.

Ya sponji haiteremki hivyo kwa sababu haina uzito wala ulaini, kwa hiyo ubavuni ndiko kwenye kazi. Upande mmoja shona lastiki pana ya kudumu. Upande wa pili weka klipu ya plastiki kama ile ya mkanda wa begi la mgongoni, lakini mkanda wake uanzie mgongoni na kuja kubanwa kwenye ukingo wa bamba la *mbele*. Watu wengi huiweka katikati ya ubavu, chini ya kwapa, kisha wanamlaumu fundi. Ikisogea sentimita nane mbele, mkono wa upande wa pili unaifunga bila taabu.

Kutengeneza. Rahisi kuliko zote. Tatizo liko mabegani, ambako sponji inapinda kila unapovaa na rangi inapasuka. Weka mkanda wa ngozi au wa turubai mabegani badala ya sponji, tatizo limekwisha. Shingo ipimie kichwani, wala si shingoni.

Mwonekano. Kifua kinabaki safi, bila mshono. Na kama ni fulana ya pete unayotaka, jukwaani hufumwa kwa uzi mnene wa pamba kisha ikapitishwa rangi ya fedha kwa brashi kavu. Kutoka benchi la nne hakuna atakayejua. Niongeze hili kwa wanaojali historia: askari waliokuwa chini ya Pilato kule Yudea walikuwa hasa wa vikosi visaidizi, si wa lejioni (vikosi vikuu vya raia wa Kirumi), kwa hiyo fulana ya pete iko karibu na ukweli kuliko mabamba tunayoyaona kwenye sinema.

Siku nzima mwilini. Ubavu ulio wazi unaingiza hewa, na mchana wa Ijumaa Kuu hilo ni jambo kubwa. Ukikaa, bamba linapanda na kukugonga kidevuni isipokuwa umelikata fupi, liishie juu ya kitovu. Vaa kabla ya wigi, miwani na vipodozi.

Inamfaa nani. Anayetengeneza nyingi kwa haraka kwa watu wa maumbo tofauti. Haimfai mwenye bega linalouma, maana lazima mikono yote miwili ipande juu ya kichwa.

## 2. Ya kufunguka ubavuni

Kifua na mgongo vimeungwa kwa bawaba upande mmoja. Upande wa pili unafunguka kuanzia kiunoni hadi juu ya bega. Unaingia kwa kando, kisha unajifungia ndani. Deraya za shaba za Wagiriki zenye umbo la misuli, ambazo maofisa wa Kirumi walizirithi, zilikuwa za vipande viwili hivyo, na nyingi zilikuwa na bawaba au pete za kufungia ubavuni.

Kuvaa na kuvua. Hapa upande una maana. Anayetumia mkono wa kulia afungue *kushoto*, kwa sababu mkono wa kulia ndio utakaovuka kifua kwenda kufunga. Wa mashoto afanye kinyume. Vifungo vinakuwa vitatu: kimoja begani, viwili ubavuni. Kile cha bega kisiwe juu ya bega. Kiteremshe mpaka usawa wa mfupa wa mtulinga ili ukione. Anza na hicho, maana kikishashika, deraya nzima inaning'inia na mikono yako inakuwa huru kwa viwili vilivyobaki. Ukianza na vya chini, inakutoka mikononi kila mara.

Kutengeneza. Ngumu. Bawaba ya sponji tupu huchanika baada ya matumizi machache. Ndani yake gandisha kitambaa kigumu au mkanda wa begi urefu wote wa ubavu, na upashe sponji ipinde kwenye mstari huo. Vipimo visiwe vya kubana: vuta pumzi, kaa kitini, ndipo upime.

Mwonekano. Kwa uzuri, mtindo huu uko mbele. Kifua kizima, mgongo mzima, mwanga unateleza bila kukatika. Ukiwa kamanda, au mhusika ambaye kila shabiki anaijua picha yake, pengine huna njia nyingine.

Siku nzima mwilini. Hapa ndipo unapolipia huo uzuri. Ni joto, kwani sponji ya EVA haipitishi hewa kabisa na umejifunga pande zote. Haikunjiki, kwa hiyo kwenye bodaboda utaivaa au utaikumbatia. Na usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, maana gundi ya viatu hulegea kwa joto na viungo vinaachana.

Inamfaa nani. Mtu mmoja, vazi moja, onyesho ambalo picha ndiyo kila kitu.

## 3. Ya kufunguka mbele

Nusu mbili, kushoto na kulia, zimeungwa mgongoni. Unaivaa kama koti na kufunga kifuani.

Deraya ya mabamba ya Kirumi, ambayo wasomi wa baadaye ndio walioipa jina lorica segmentata, ilifanya kazi kwa wazo hili. Kwa muda mrefu wataalamu hawakujua ilivyoshikana, kwa sababu mikanda ya ngozi huoza na kuacha vipande vya chuma vilivyotawanyika. Mwaka 1964 huko Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, lilifukuliwa sanduku la mbao lililokuwa na sehemu za deraya kadhaa, na hizo ndizo zilizowezesha kuiunda upya. Mwaka 2018 ikapatikana nyingine huko Kalkriese, Ujerumani, kamili kuliko zote zilizojulikana. Mikanda ya chuma inazunguka mbavu, imefungwa kwa rivet (pini fupi za chuma zinazopigwa kubana) kwenye ngozi za ndani, na nusu mbili zinakutana kifuani na mgongoni. Ukiacha mgongoni pamefungwa daima, unabaki na vifungo vya mbele tu.

Kuvaa na kuvua. Kwa mtu aliye peke yake hakuna kinachoipita. Unaingiza mkono, unaingiza wa pili, unaangalia chini, unafunga. Vifungo vinne vinatosha. Ukitaka kamba kama za Warumi, usizifunge kweli kila mara: ficha klipu au velkro nyuma ya ukingo, na kamba iwe imeshafungwa fundo upande mmoja, mwisho wake unachomekwa tu upande wa pili.

Kutengeneza. Kazi nyingi, lakini si ngumu. Kata mikanda ya sponji upana wa sentimita sita, ipashe moto upate duara la mbavu, kisha ipange kwenye mikanda ya begi inayoshuka wima ndani: mmoja kila upande wa mgongo na mmoja kila upande wa kifua. Kingo zipandiane kama sentimita moja na nusu. Gandisha kwa gundi, halafu mpe fundi viatu apige rivet kwenye makutano. Gundi peke yake haitavumilia mpindo. Hakikisha ile mikanda ya ndani imelegea kidogo katikati ya bamba na bamba, la sivyo deraya inakuwa pipa.

Mwonekano. Mshono wa katikati ya kifua hauepukiki. Kwa askari wa Kirumi ni sahihi kihistoria, na hakuna wa kulalamika. Kwa mhusika mwenye nembo kubwa kifuani unakata nembo katikati. Hapo acha nembo nzima ikae kwenye nusu moja, ivuke upande wa pili na kushikwa kwa velkro.

Siku nzima mwilini. Inapinda nawe. Unainama kumwinua Yesu aliyeanguka na hakuna kinachokuchoma. Ukikaa, kifua hufunguka kidogo kati ya vifungo. Vaa shati la rangi inayofanana ndani. Kisha ikivuliwa inajikunja na kulala kama furushi, inaingia kwenye mfuko wa shangazi kaja.

Inamfaa nani. Anayevaa na kuvua mara kadhaa kwa siku, anayesafiri, na yeyote ambaye hana uhakika kama kutakuwa na mtu chumbani.

## 4. Kizibao chenye mabamba

Unaanza na kizibao cha kitambaa kigumu chenye zipu mbele, kisha unakigandishia au kukishonea mabamba. Wazo lenyewe ni la zamani. Kwenye makaburi ya vita vya Visby, kisiwani Gotland, vya mwaka 1361, zilikutwa deraya za mabamba ya chuma yaliyopigwa rivet kwenye vazi la kitambaa au ngozi.

Kuvaa na kuvua. Sekunde chache. Mtoto wa darasa la tatu anajivalisha.

Kutengeneza. Fundi cherehani anamaliza nusu ya kazi. Mabamba yashikwe kwa velkro ili kizibao kifuliwe. Jasho la siku moja likikaa ndani ya sponji halitoki. Lakini velkro ya kujigandisha yenyewe haidumu juu ya sponji. Ishone kwanza kwenye kipande cha turubai, kisha turubai ndiyo igandishwe kwa gundi ya viatu.

Mwonekano. Ndipo inapopungua. Kitambaa kikilegea mabamba yanainama, na chuma kinachoinama kinajulikana kuwa si chuma. Kizibao cha kubana, chenye mikanda ya kukazia mgongoni unayoirekebisha mara moja tu kabla ya siku, husaidia sana.

Siku nzima mwilini. Nyepesi, na kitambaa kinanyonya jasho. Watu huisahau mwilini.

Inamfaa nani. Watoto, waigizaji wanaobadilisha mavazi katikati ya igizo, na wasio na muda.

## Kifua si mwisho wa safari

Hata kifua kikiwa rahisi, viungo vingine vinaweza kukukwamisha. Vaa kuanzia chini. Bamba la muundi kwanza, wakati mgongo bado unainama; ukishavaa kifua, mguu wako uko mbali kama Kigoma. Kisha kifua, kisha mikono, halafu kofia ya chuma, na glavu mwisho kabisa kwa sababu vidole vyenye glavu havifungi kitu.

Mabamba ya mabega yasiwe vipande huru. Yafunge kwenye kifua mapema yaingie pamoja nacho, na mkanda mmoja wa lastiki kuzunguka mkono wa juu uyazuie kupepea. Joho nalo lishikizwe mgongoni kabla hujavaa.

Kwa bamba la mkono, kumbuka una mkono mmoja tu wa kulifunga. Lastiki tupu ya kuteleza inatosha wengi. Ukitaka kamba, tumia kamba ya lastiki iliyopitishwa kabisa kwenye vitundu, yenye kibano cha kusukuma kama cha kofia ya jaketi la mvua: unavuta kwa meno, unasukuma kwa kidole.

Kuhusu vifungo vyenyewe, velkro ni ya haraka lakini ina kelele. Askari akijivua kaburini wakati wa kimya, kanisa zima linasikia. Sumaku kali ni tamu kutumia, ila huachia unapoinama, na asiikaribie mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Bizimu la ngozi linapendeza kuliko vyote na linadai mikono miwili na macho, kwa hiyo liache mbele au liwe pambo tu, klipu ikifanya kazi chini yake.

## Kwa hali yako

Askari wanane wa Njia ya Msalaba, bajeti ndogo, wiki mbili: sita wa kuingizia kichwani kwa lastiki na klipu, wawili wanaombeba au kumwangusha Yesu wapewe za kufunguka mbele. Akida, mkuu wao asiye miongoni mwa hao wanane, apate ya ubavuni, naye avae mapema kuliko wengine.

Tamthilia ya shule ambapo mwigizaji mmoja ni mfalme onyesho la kwanza na mkulima onyesho la tatu: kizibao chenye zipu.

Unakwenda maonyesho ya mavazi peke yako, kwa matatu, na utavalia chooni: ya kufunguka mbele. Ukiwa na rafiki mwenye gari na unashindania tuzo, ubavuni panastahili taabu yake.

Una bega bovu, au una ujauzito, au umbo lako linabadilika kati ya sasa na siku yenyewe: ya mbele au kizibao, na mikanda ya kurekebishika.

Hujaamua bado? Kata mtindo unaokuvutia kwa boksi la katoni na selotepu ya kahawia kabla hujagusa sponji. Kwa kupima mwili utahitaji mtu, maana fulana kuukuu inazungushiwa selotepu ukiwa umeivaa na kuchanwa mgongoni, ibaki kiolezo cha umbo lako. Boksi likishakuwa tayari, jifungie chumbani, simu iwe mbali, kioo kigeuze ukutani. Vaa, kaa kitandani, simama, vua. Kifungo kilichokufanya usite kihamishe mbele, na ujaribu tena kabla ya kununua gundi.